Ulinganisho: trekta, nailoni au maboksi, nageuza nyasi kuwa bustani ya mboga bila dawa (Mtwara)

MwanaMbae: Wakuu habarini. Nina kieneo huku Mbae, miaka yote ni nyasi tupu, nataka sasa kiwe bustani ya mchicha, bamia, ngogwe na matembele. Dawa ya kuua magugu sitaki kabisa, mboga tunakula wenyewe na watoto, zitakazobaki ndo nauza. Nimeambiwa njia tatu: niite trekta ikatue, nifunike nailoni nyeusi, au nipange maboksi alafu nimwage matandazo juu. Hela iliyopo inatosha njia moja. Mvua zikianza nataka niwe tayari. Nishaurini.

Fundi Pampu: Kieneo hatua ngapi kwa ngapi? Nyasi gani? Maji unatoa wapi? Bila hayo mtu akujibu nini ndugu yangu.

bibi_kisamvu: Mwanangu, hujataja nyasi na hapo ndo penye kazi. Yale majani marefu yanayosimama na shina lake, ukilichimbua shina umemaliza. Ukoka unatambaa juu na chini ya ardhi. Ndago nayo ina vijiazi huko chini, unang'oa jani kiazi kinabaki. Nenda na jembe uchimbue mahali patatu pa mbalimbali, shika mizizi, rudi utuambie.

Korosho Ghafi: Mnamzungusha tu. Ita trekta, asubuhi inaingia mchana umepanda. Hizo nailoni ni za kwenye vitabu, shamba ni kulima.

Wa Nyangao: Korosho Ghafi tafadhali usimshauri mwenzio hivyo kabla hajasema nyasi gani. Ngoja nisimulie maana mimi haya yamenikuta. Nilikuwa na eneo bondeni huku karibu na mto Lukuledi, ukoka mtupu, nikatafuta mtu wa trekta tukakubaliana akatue kiangazi, mizizi ikauke juani. Akawa ananipiga tarehe, leo spea, kesho yuko kwa mwingine, mpaka mvua ya kwanza ikanyesha ndo anatokea, anapiga haro juu juu hata shubiri haikufika, kachukua hela kaondoka. Mwanzoni unaona pazuri, ardhi nyekundu safi, majirani wananisifia. Sasa ukoka kila kipande chenye kifundo ni mbegu, ile haro imeukata vipande vipande na kuusambaza kila kona na mvua inaunyeshea. Mchicha wangu haujafika kuchumwa ukoka ushaupita, vibarua niliolipa kupalilia walikuwa wengi kuliko ambao wangeichimbua ile mizizi kwa jembe uma tangu mwanzo, na mboga zenyewe nilizouza hazikurudisha hata hela ya trekta. Ile sehemu ya pembeni ambayo trekta haikufika mama yangu aliichimbua kwa mkono Oktoba, mizizi akaikusanya juu ya bati ikakauka, ndo iliyotulisha. Trekta sio mbaya, ila kwa ukoka na mvua ikiwa mlangoni, hapana.

Korosho Ghafi: Hiyo kosa la dereva, sio la trekta. Ungelima kiangazi mara mbili jua likaukausha, ukoka wote ungekufa.

Wa Nyangao: Kiangazi nakubali. Kwenye mvua sikubali.

MwanaMbae: Samahanini wakuu nilikuwa shamba. Ni hatua 35 kwa 35. Nimechimbua kama bibi alivyosema. Sehemu kubwa ni nyasi za kutambaa, mizizi myeupe, nadhani ndo ukoka. Upande wa chini kuna majani yenye kiazi cheusi, ukikipasua kinanukia. Udongo mchanga. Maji kuna kisima cha jirani.

bibi_kisamvu: Kinachonukia ni ndago. Pole mwanangu.

Mgani Mstaafu: Sasa tunaweza kuongea. Hatua 35 kwa 35 ni robo eka, kama mita za mraba 1,000. Nailoni ya upana wa mita 4 utahitaji urefu wa mita 250, kwa hiyo piga hesabu kabla hujaipenda. Alafu nailoni zenyewe zipo mbili na kazi zake tofauti. Nyeusi inaua kwa giza, majani yananyimwa mwanga mpaka akiba iliyopo kwenye mizizi inaisha, kwa ukoka inakwenda miezi. Ile nyeupe inayopitisha mwanga inaua kwa joto: fyeka hadi chini, mwagia maji udongo uloe, tandaza nailoni ishike ardhi, fukia kingo zote hewa isipite, iache wiki 4 mpaka 6 za jua kali. Udongo wa juu unaweza kufika nyuzi 50, mbegu za magugu na ukoka wa juu unaungua. Huku kwetu mvua ni za msimu mmoja, zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei, kwa hiyo Septemba hii ndo wakati wake, ukichelewa mawingu yanaharibu. Ila ndago usidanganywe, vile viazi vya chini vinabaki na jani lake lina ncha, linatoboa nailoni. Ndago ni kuchimbua kiangazi vikauke juani, kurudia kila inapotoa jani, alafu kuipandia kitu cha kuifunika maana kivuli haikipendi.

NewalaJuu: Mgani kasema vizuri ila kwanini nailoni yote hiyo iishie jalalani? Panda mukuna, ni jamii ya kunde inayotambaa. Mvua ya kwanza tu unaweka, inatambaa inafunika kila kitu, inaongeza naitrojeni, ikikauka unailaza hapo hapo ndo matandazo yako. Msimu unaofuata unapanda mboga kwenye udongo uliobadilika. Na mboga zako huku mchangani panda kwenye vitalu vya kuzama, sio matuta ya kuinuka, maji yasikimbie.

Korosho Ghafi: Mukuna si ndo upupu? Umpe mtu mwenye watoto upupu?

NewalaJuu: Ipo ya kulimwa isiyowasha, ya porini ndo inawasha. Ila mbegu zake watoto wasile.

MwanaMbae: Msimu mzima bila mboga siwezi mkuu. Na maboksi je? Dukani napewa bure.

bibi_kisamvu: Maboksi huku kwetu yana mchwa. Unapanga vizuri, wiki chache unafunua unakuta udongo wa mchwa tu na ukoka unachungulia. Kama lazima, yaloweshe, panga mawili matatu yapishane, juu weka samadi iliyooza sawasawa. Mbichi inaleta mbegu za majani upya. Na uwe unamwagia maji.

Fundi Pampu: Huyo jirani mwenye kisima ana mikorosho?

MwanaMbae: Ndio, imenizunguka pande mbili.

Fundi Pampu: Basi bila dawa hapo ni maneno. Juni mpaka Agosti akipuliza salfa ya ubwiriubwiri (ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho) yote inatua kwenye mchicha wako.

Mgani Mstaafu: Tutenganishe. Salfa ni madini, hata kilimo hai kinairuhusu. Nachohofia mimi ni zile za maji za kuua mbu wa mikorosho, wale wadudu wanaofyonza mikorosho, hizo ukimuona anachanganya mwombe asubiri upepo ugeuke.

NewalaJuu: Salfa nayo sio ya kuiacha hivihivi. Tangu miaka ya 1990 watafiti wameandika kwamba ikipulizwa miaka mingi inaongeza uchachu wa udongo, hasa huu mchanga wetu. Kama pembeni mwa mikorosho apime udongo, kituo cha utafiti wa kilimo Naliendele si hapo tu.

Korosho Ghafi: Bila salfa korosho hakuna. Mnataka tule mchicha tu?

Wa Nyangao: Hakuna aliyesema uache salfa. Panda mistari miwili ya mbaazi mpakani izuie upepo, unakula na mbaazi.

MwanaMbae: Nashukuru wote. Nawaza nianze na hatua 10 kwa 10 upande wa ukoka, nailoni nyeupe, na upande wa ndago vijana wachimbue. Matembele nayo si yanafunika ndago?

bibi_kisamvu: Yanafunika, ila kwanza ichoshe ndago, ukipanda mapema itakuja na matembele pamoja.

Korosho Ghafi: Hatua 10 utauza nini?

Fundi Pampu: Kisima hicho Oktoba kinakauka au hakikauki? Hujajibu.

MwanaMbae: Ntamuuliza jirani.

kilwa_masoko88: Wakuu naomba kuingilia, mimi nina ukoka pia ila wangu uko kwenye udongo mweusi wa kupasuka, maji yanatuama. Nailoni nyeupe inafaa huko?