Soya imekaa ghalani miezi sita, inaota nusu tu

Mkulima wa Bondeni
Wakuu, nina mbegu ya soya iliyovunwa Songea mwezi wa 6, ikateremshwa Ifakara na kukaa kwenye viroba chini ya bati mpaka sasa, mwezi wa 12. Nimeotesha punje 100 kwenye mchanga, zimeota 52. Hazina wadudu wala ukungu. Mahindi ya ghala hilohilo yanaota vizuri. Kwa nini soya tu?

Ghala Kavu
Mkuu, soya hufa huku sura yake ikiwa nzuri. Ina mafuta karibu 20%, mahindi 4 au 5 tu. Kwenye joto na unyevu mafuta hayo huchacha ndani kwa ndani na kuharibu utando wa seli. Loweka punje 20 usiku kucha kwenye glasi: mbegu iliyochoka hutia maji rangi, kwa sababu sukari na chumvi zake zinavuja. Tena kiini chake, ile sehemu inayoota, kimelala pembeni chini ya ganda jembamba sana, kwa hiyo huumia upesi.

Kiroba nacho hupitisha hewa. Hewa ikiwa na unyevu wa 75%, soya uliyoikausha hadi 11% itanyonya tena ifike 13 au 14. Kanuni ya watunza mbegu ni hii: unyevu wa punje ukishuka kwa 1%, uhai wa mbegu huwa maradufu, joto likishuka nyuzi 5, vivyo hivyo. Soya ya 12% kwenye nyuzi 25 hukaa kama mara nane ya ile ya 14% kwenye nyuzi 30. Kuiteremsha mapema ndiko kulikoiponza. Ingebaki Songea kwenye baridi, ishuke wiki chache kabla ya kupanda.

Turubai
Naongezea upande wa kukausha. Anika juu ya turubai, tabaka jembamba, ugeuze mara kwa mara, na jua kali la mchana ifunike. Ikipita nyuzi 40 ganda hupasuka. Kama huna kipima unyevu, tumia mizani: kilo 100 za soya ya 14% zikifika 11% hubaki kilo 96 na nusu hivi. Chupa ya chumvi (kutikisa punje na chumvi kavu kwenye chupa, uone kama chumvi inanata) usiitegemee hapa, inaonyesha tu kama umevuka 15%.

Iache ipoe, ndipo uitie kwenye mifuko ya matabaka isiyopitisha hewa, funga kila tabaka la mfuko peke yake, panga juu ya chaga. Ukifungia soya isiyokauka humo, umeizika.

Mkulima wa Bondeni
Nikianika hii upya itarudi?

Ghala Kavu
Hairudi. Utazuia isife zaidi, basi. Kama huna nyingine, ongeza kiasi: panapotakiwa kilo 40 za mbegu inayoota 85%, hii ni kama kilo 65. Na shambani itaota chini ya hiyo 52, maana nguvu imeisha. Usizidishe kina cha sentimita 3, na usipande kabla udongo haujalowa vizuri.