Kikundi: Ukoo wa Ngamiani

Shangazi Mwanaidi: Asalaam aleikum wanangu. Jumamosi watoto wote wako kwangu, na Hamisi amepata projekta. Tuangalie picha gani? Bibi naye atakaa.

Hamisi: Waaleikum salaam, shikamoo shangazi. Sinners! Zaidi ya asilimia 90 ya wahakiki wameisifu.

Shangazi Mwanaidi: Marahaba baba.

Zuhura: Shikamoo shangazi. Hamisi, ile asilimia ya tovuti ya Rotten Tomatoes si maksi ya filamu. Wanahesabu wahakiki wangapi wameipenda, basi. Wote wakisema "si mbaya", filamu inapata 100. Inaniuma watu wanavyochagua kwa namba ile bila kusoma hata mstari mmoja wa uhakiki.

Hamisi: Sawa dada, lakini hii nimeiona mwenyewe. Mississippi, 1932. Michael B. Jordan anacheza mapacha wote wawili, wanafungua ukumbi wa muziki, usiku wanavamiwa na wanyonya damu.

Shangazi Mwanaidi: Wanyonya damu, na watoto wamekaa? Hapana.

Zuhura: Kwa watoto haifai kweli. Ila kuna kipande sitakisahau. Kijana anapiga gitaa na kuimba, kamera inapita katikati ya wachezaji, mara wapiga ngoma wa kale wa Afrika wamo humo humo ukumbini, na vijana ambao hawajazaliwa bado wamo, na DJ na sahani zake. Mwongozaji wake, Ryan Coogler, ameeleza kwamba filamu ilitokana na mjomba wake aliyependa muziki wa blues. Mimi nilimwona babu na santuri zake za taarab, anafuta vumbi kwa ncha ya kanzu kabla hajaweka sindano. Nililia.

Shangazi Mwanaidi: Allah amrehemu. Hakuruhusu mtu azishike.

Ba'mdogo Salim: Mimi nasema The Village Next to Paradise ya Mo Harawe. 2024 ilikuwa filamu ya kwanza ya Somalia kwenye uteuzi rasmi wa tamasha la filamu la Cannes. Baba anachimba makaburi, dada yake anatafuta fedha afungue duka la kushona.

Hamisi: Ba'mdogo, ile inakwenda taratibu mno. Watoto watalala.

Ba'mdogo Salim: Utaratibu ule ndio uzuri wake. Somalia tumeonyeshwa bunduki miaka yote. Hapa unakaa na watu nyumbani kwao mpaka unawazoea.

Zuhura: Nakubali, lakini tuiweke siku ya wakubwa. Kwa Jumamosi, Nawi. Binti wa Turkana, Kenya, miaka 13, amefaulu mtihani vizuri sana, na baba yake anamwoza kwa kondoo 60, ngamia 8 na mbuzi 100. Hadithi ilipatikana kwenye shindano la uandishi huko huko Turkana. Waongozaji wanne, wawili Wakenya. Mahali pengine maneno yamezidi, mtu anatamka jambo ambalo uso wake umekwisha kulisema. Lakini yule binti anaibeba picha nzima.

Amina: Da Zuhura, huyo binti anafika sekondari???

Zuhura: Sikwambii mdogo wangu. Njoo uone.

Shangazi Mwanaidi: Basi ni hiyo, baada ya Alasiri. Nilikuwa nawasomea kwa sauti, Bibi kasikia hapo kwenye ngamia. Anasema yeye aliozwa akiwa na miaka 14, juzuu zake alikuwa hajamaliza chuoni. Anataka akae mbele.

Hamisi: Nitaleta kile kiti chenye mto.

Zuhura: Kiturkana ni kingi humo. Nitakaa ubavuni kwake nimfasirie.