Gereji ya nyumbani Tanga: taa ngapi, na kifaa gani kianze?

Muulizaji (Sahare)
Wakuu, habari za jioni. Nina banda la gari la tofali, mita 3.5 kwa 6, kimo mita 2.8, juu bati tupu bila dari. Nataka liwe karakana ya jioni: sevisi ya gari, kuchomelea vitu vidogo, na samani mbili tatu za nyumbani. Sasa kuna balbu moja katikati, na waya wa 1.5 (unene wa milimita za mraba) umevutwa kutoka nyumbani, kama mita 15. Bahari iko karibu, vyuma vinashika kutu upesi. Niweke taa ngapi na za aina gani? Na kwa vifaa, kipi kitangulie?

Fundi umeme
Salama mkuu. Kazi za kawaida za karakana zinataka laksi 300 hivi, yaani lumeni (kipimo cha mwanga unaotoka kwenye taa) 300 kwa kila mita ya mraba. Mezani, pale unapopima na kuchora mstari, 500 au zaidi. Eneo lako ni mita za mraba 21, hivyo hesabu inakuja lumeni 6,300. Lakini mwanga mwingi haufiki chini, unaliwa na kuta, vumbi na bati. Lenga lumeni 10,000 na kitu. Tyubu ya LED ya futi 4, wati 18, hutoa lumeni 1,800 hivi, kwa hiyo weka sita. Zote pamoja ni wati 108: yuniti moja ya LUKU inawasha saa 9. Kuta zipake rangi nyeupe, utaona tofauti siku hiyo hiyo.

Mahali pa kuzifunga ndipo wengi wanapoharibu. Ukizipanga katikati, gari likiingia zinamulika paa la gari, na ukiinamia injini kivuli chako kinaifunika. Piga safu mbili kwa urefu wa banda, tatu kila upande, sentimita 60 hadi 70 kutoka ukutani. Upande wa meza, tyubu ining'inie usawa wa ukingo wa mbele wa meza au ndani yake kidogo. Ikiwa nyuma ya kichwa chako, unakata mbao ndani ya kivuli chako mwenyewe.

Usiweke tyubu za zamani za gesi zenye choki (koili ya kuziendesha). Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa hizo hupepesa mara 100 kwa sekunde, na jiwe la kunolea linalozunguka karibu mara 3,000 kwa dakika linaweza kuonekana kama limesimama. Mtu anapeleka mkono. Hata LED za bei ya chini kabisa hupepesa: kabla ya kulipa, iwashe dukani uielekezee kamera ya simu. Mistari myeusi ikipita kwenye kioo cha simu, irudishe.

Kwa chumvi ya Sahare, chukua kasha la taa la plastiki la IP65 (lisiloingiza vumbi wala maji) lenye mpira wa kuziba, na skrubu za stenlesi. Kasha la bati litaanza kuoza kwenye matundu ya skrubu. Rangi ya mwanga, ile nyeupe ya 6500K iliyojaa madukani inatosha.

Fundi seremala
Kwa gari sawa, kwa samani sikubaliani na 6500K. Mwanga ule una ubuluu, unapaka vanishi unaona imekaa vizuri, asubuhi juani mlango una rangi mbili. Upande wa meza tafuta 4000K, na kwenye boksi soma CRI, kipimo cha taa kuonyesha rangi halisi, iwe 80 kwenda juu. Ukipata 90 chukua.

Fundi makanika
Kabla ya mashine yoyote, meza na jiliwa. Meza iwe na kina cha sentimita 60, juu mbao ya inchi 2, miguu ifungwe kwenye ukuta. Jiliwa la inchi 5 au 6 lifungwe kwa bolti za M12 zinazopenya mbao yote, na likae juu ya mguu wa meza, maana katikati mbao hudunda kila unapopiga nyundo. Mdomo wa jiliwa ufike usawa wa kiwiko chako.

Kisha jeki na stendi mbili za tani 3. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake; sili ikivuja, linashuka bila kukuonya. Taa ya huko chini iwe ya kuchaji, siyo balbu ya waya wa volti 230. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, kwa hiyo soketi zako nazo ziwe juu, mita moja na zaidi.

Boksi spana, grainda ya inchi 4½ na drili vifuate. Diski ya grainda ina tarehe kwenye kile kipete cha chuma katikati. Isome, kwani unyevu hulegeza gundi ya diski. Weka diski na vijiti vya kuchomelea kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Ukija kununua kompresa, fungua koki ya chini utoe maji kila ukimaliza kazi, la sivyo tangi linaoza kutoka ndani.

Muulizaji (Sahare)
Shukrani sana wakuu. Ule waya wa 1.5 utavumilia mashine ya kuchomelea ya inveta? Nitatumia vijiti vya milimita 2.5 tu.

Fundi umeme
Hapana kaka. Kijiti cha 2.5 kwa ampea 80 kinavuta ampea 13 hadi 15 ukutani. Siku ukiweka cha 3.2 unapita 20, na waya huo haujengwi kwa mzigo huo. Kwa ampea 20 na mita 15 unapoteza karibu volti 9, na joto linabaki ndani ya bomba. Vuta waya wa 6 kutoka meni swichi, breka ya ampea 32, volti zinazopotea zitakuwa 2 tu.

Ndani ya karakana weka boksi lake: taa waya wa 1.5 na breka ya 6, soketi waya wa 2.5 na breka ya 20, mashine ya kuchomelea soketi yake peke yake kwa waya wa 4 na breka ya 25. Soketi zipitie RCD ya miliampea 30, ile inayokata umeme ukivuja. Taa zibaki nje ya hiyo RCD, ili grainda ikivujisha usiachwe gizani diski ikiwa bado inazunguka. Fundi awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na mwambie apime ethi mbele yako kabla hajafunga boksi.