Niseme nini kuhusu mzee wetu siku ya kuweka msalaba?

Mtoto wa Fundi

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo.

Desemba tunajengea kaburi la mzee hapa Korogwe, na padri atakuja kubariki msalaba. Ukoo umeniteua mimi nizungumze kwa niaba ya familia. Siku ya mazishi ulisomwa wasifu ule mnaoujua nyote: kazaliwa, kabatizwa, kasoma hadi darasa la nne, kafunga ndoa, kaajiriwa, kaugua, kalala. Ameacha mjane, watoto na wajukuu. Ukibadilisha jina unamfaa mzee yeyote kuanzia Hale mpaka Mombo.

Shida yangu ni kwamba mzee hakuwa na cheo. Hakuwa mwenyekiti wa kitu chochote. Alikuwa fundi kwenye korona ya shamba la mkonge, ule mtambo wa kutoa singa (nyuzi) kwenye majani, korona ilipofungwa akawa fundi baiskeli chini ya mwembe, njia ya kwenda stesheni, mpaka mikono ilipokataa. Basi.

Ninayoyakumbuka ni madogo madogo. Akinyoosha rimu alikuwa anafumba macho, anaizungusha na kusikiliza, halafu anakaza spoku moja tu. Akishabandika kiraka anazamisha tyubu kwenye karai la maji na kumwita mwenye baiskeli aje ahakikishe mwenyewe kwamba hakuna povu. Hata mtoto aliyetumwa na baba yake, lazima achungulie karaini. Wauza mkaa waliokuwa na haraka walikuwa wanamlalamikia, lakini wapi! Jumapili anaenda kupokea komunyo huku kucha bado nyeusi kwa grisi, mama pembeni anamnong'oneza.

Tena hakuwa mtu wa maneno. Nilipofaulu kwenda sekondari hakunipongeza. Aliigeuza baiskeli yake mwenyewe juu chini, akaivisha tairi mpya zote mbili, akaiegemeza kwenye mlango wa chumba chetu. Kesho yake akaenda kazini kwa miguu. Aliendelea hivyo miaka yangu yote ya sekondari.

Je, mambo kama haya yanasemwa mbele ya padri na wakwe? Au nitaonekana ninamshusha mzee? Nimepewa dakika tano.

MC wa Mtaa

Pole mkuu. Mimi huwa naongoza misiba huku kwetu, wasifu nimesikia mpaka masikio yameota sugu. Kila marehemu ni mcheshi, mpenda watu na mcha Mungu. Wewe anza na karai. Nusu ya watakaokuwepo walishainama juu ya lile karai, utaona vichwa vinavyotikisika. La baiskeli liweke mwisho, na usilifafanue, watu wana akili. Hayo mawili yanatosha. La kucha mwulize mama kwanza.

Babu wa Muheza

Marahaba mwanangu.

Kwenye korona umepita mbio. "Alikuwa fundi kwenye korona, basi." Wajukuu zake watakaokuwepo hapo hawajui korona ni mdudu gani.

Jani la mkonge likishakatwa halisubiri. Likilala sana linakauka, na singa zake hazitoki vizuri. Kwa hiyo korona ikikwama, kila mtu amekwama: wakata huko shambani wenye mafungu yao ya majani thelathini thelathini, wasukuma trole kwenye kireli, wanaoanika singa kwenye waya, hadi watu wa brashi na wa marobota. Meneja anatembea huku na huku anafoka. Nani anaitwa? Fundi. Nami nilikuwa mkata, nilishakaa chini ya mkonge nusu siku nikimwombea fundi nisiyemjua, maana bila kazi kuhesabiwa hakuna posho.

Halafu angalia miaka. Mwaka 1964 nchi hii ilitoa zaidi ya tani 200,000 za singa. Zikaja kamba za nailoni, bei ikaporomoka, mashamba mengi yakataifishwa, vipuri vikaadimika. Mwishoni mwa miaka ya tisini tulibaki na tani kama 20,000. Unadhani katika kipindi hicho chote mitambo iliendeshwa na nini? Na watu waliochonga bushi kwa vyuma chakavu. Muulize mama yako ni mara ngapi dirisha liligongwa usiku wa manane.

Dada wa Mombo

Naomba nitibue kidogo, mnisamehe. Nimesoma yote, mama yumo kwa ajili ya kucha tu. Korona imefungwa, mwembeni hajazoeleka bado, ninyi watoto mlikuwa mnakula nini? Mjane atakuwa amekaa kiti cha mbele siku hiyo. Asije akasikia hadithi ya mwanaume aliyelea watoto peke yake.

Mtoto wa Fundi

Ahsanteni sana. Dada, swali lako lilinichoma, nikampigia mama jana usiku. Alicheka kwanza. Kumbe ile miezi ya mwanzo yeye ndiye aliyekuwa mwembeni, akiuza uji na maandazi. Mzee alikuwa anakwenda kumbebea jiko asubuhi, anakaa, hana la kufanya. Siku moja mnywa uji akalalamika cheni yake inaruka, mzee akaiinamia. Spana za kwanza mama alizinunua kwa hela ya maandazi. Sisi hatukuwahi kuambiwa, tulidhani mzee alikuja na vifaa vyake kutoka shambani.

Babu, kuhusu dirisha, mama anasema walikuwa wanagonga mpaka akaacha kuamka kuuliza ni nani. Na bushi moja ipo! Ilikuwa inazuia mlango wa jikoni miaka yote, nasi tunaipiga teke tu. Nitaenda nayo wajukuu waione.

Sasa jingine. Kwenye sanduku lake tumekuta daftari la wadaiwa, lina kurasa na kurasa. Wengine watakuwepo siku hiyo, mmoja ni mjomba kabisa. Kaka mkubwa anataka niyasome majina kwa utani ili wachangamke kulipa.

MC wa Mtaa

Usithubutu. Nimeona ukoo ukigawanyika kwa utani wa namna hiyo, wali bado uko jikoni. Kama mzee aliandika na hakudai, alijua anachofanya.

Dada wa Mombo

Mimi sioni kama alijua anachofanya, naona alikuwa anaona haya kudai. Mpeni mama daftari. Spana zilikuwa zake, na madeni ni yake. Akitaka kusamehe asamehe, akitaka kudai adai.

Mtoto wa Fundi

Hahaha, nimemtumia kaka hii kama ilivyo. Mama tayari ameshalisoma. Anasema wauza mkaa amewasamehe wote, lakini mjomba atalipa zile tyubu mbili na kengele.