Foromali ya jahazi inavunjika kwenye maungio ya ukuta wa skrini tisa

Mchoraji wa Kisauni

Assalamu alaykum ndugu zangu. Ninatengeneza video ya uhuishaji ya sekunde 40, itakayozunguka mchana kutwa kwenye ukuta wa skrini tisa, tatu kwa tatu, katika ukumbi wa mapokezi wa hoteli moja hapa Nyali. Kila skrini ni ya inchi 55, yenye pikseli 1920 kwa 1080, na zote hulishwa na kompyuta moja kupitia kisanduku kinachopokea picha moja ya 4K (pikseli 3840 kwa 2160) na kuigawa mara tisa. Video inaonyesha jahazi likitoka Bandari ya Kale na kupita mbele ya Fort Jesus.

Kwenye meza yangu picha ni safi kabisa. Ukutani, foromali, ule mti wa mshazari unaobeba tanga, inavunjika kila inapokatiza maungio: kipande cha kushoto na cha kulia havikutani, kama mti uliokatwa ukaungwa vibaya. Isitoshe, jahazi linakwenda kwa kushtukashtuka ilhali nililichora liteleze. Nimetoa video kwa fremu, yaani picha moja moja, 25 kwa sekunde. Je, ni lazima nichore yote upya kwa pikseli 5760 kwa 3240?

Fundi wa Tudor

Wa alaykumu s-salaam, ndugu yangu. Usichore upya. Uchukulie ukuta huo kama dirisha lenye nondo. Mtu anayetazama bahari kupitia dirishani haoni mlingoti ukiruka, kwa sababu nondo huficha sehemu ya mlingoti na macho yakajijazia yenyewe. Kisanduku chako hakifichi kitu: pikseli ya mwisho ya skrini ya kushoto inafuatwa papo hapo na pikseli ya kwanza ya skrini ya kulia, ingawa kati yao pana fremu mbili za plastiki. Mstari uliolala sawasawa na ule uliosimama wima huvuka bila kuonyesha kosa. Mstari wa mshazari ndio unaoumbuka, na chombo chenye tanga la pembetatu kimejaa mishazari mitupu.

Pima kwa rula kutoka picha inapoishia kwenye skrini moja hadi inapoanzia kwenye ya jirani. Tuseme ni milimita 20. Upana wa picha ya inchi 55 ni takriban milimita 1210, na kwa kuwa kila skrini inapata pikseli 1280 za ile 4K, milimita 20 ni sawa na pikseli 21. Yapo maungio mawili kwa kila upande, kwa hiyo panga kazi yako katika eneo la 3882 kwa 2202, ikate vipande tisa vya 1280 kwa 720 huku ukiziruka zile 21 kwenye kila maungio, kisha vipange vipande hivyo upya viwe 3840 kwa 2160. Visanduku vingine vina mpangilio wa kufidia fremu hizo za plastiki ndani yake. Kama chako kinao, tumia njia moja tu, kwani ukitumia zote mbili mti utavunjika kwa upande wa pili.

Kuhusu ukubwa, kwa picha ya 4K kila nukta ukutani ina karibu milimita 0.95. Jicho zima hutenganisha takriban milimita 0.3 kwa kila mita ya umbali, hivyo mgeni aliyesimama mita tatu na nusu au zaidi hataona tofauti. Swali ni wageni wanasimama wapi.

Mhuishaji wa Mtwapa

Ninakubaliana na kaka hapo juu, nami niongeze juu ya mwendo. Skrini hizo kwa kawaida huonyesha picha mara 60 kwa sekunde. Ukizipa fremu 25, baadhi ya fremu hukaa mara mbili na nyingine mara tatu, na huko ndiko kushtuka kunakotoka. Kwenye simu huwezi kuona kushtuka huko, lakini ukuta wenu una upana wa zaidi ya mita tatu na nusu. Jahazi likivuka pikseli 3840 kwa sekunde nane, hata kwa fremu 30 linaruka pikseli 16 kila hatua, yaani sentimita moja na nusu mbele ya macho ya mtu. Toa kwa fremu 60, na umpe nahodha wako sekunde kumi na tano za kuvuka.

Nakusihi pia usiweke uso wa mtu wala jina la hoteli juu ya maungio. Maandishi yanayopita hayana tatizo, lakini yaliyotulia yaingie ndani ya skrini moja au yaachiwe nafasi kati ya herufi mahali fremu ya plastiki inapopita. Mimi hubandika tepu nyeusi ya umeme kwenye televisheni ya nyumbani, mistari miwili wima na miwili ya mlalo, nikatazama kazi yote hivyo kabla ya kumpelekea mteja.

Mchoraji wa Kisauni

Ahsanteni sana. Nimepima leo asubuhi. Maungio ya wima ni milimita 20 kama alivyokisia fundi, lakini ya mlalo ni milimita 30, kwa sababu fremu ya chini ya skrini hizi ni nene kuliko ya juu. Kwa hiyo nimeruka pikseli 21 upande mmoja na 32 upande mwingine, na eneo langu limekuwa 3882 kwa 2224. Meza ya mapokezi iko mita nne kutoka ukutani, basi nimebaki na 4K. Foromali sasa inapita nyuma ya fremu na kutokea mahali pake. Kilichobaki ni bendera ya Kenya iliyo tezini (nyuma ya chombo), ambayo jahazi linapotulia mwishoni inaangukia maungio, nami ninalisogeza jahazi zima kulia kwa pikseli 90.