Shawa inayodondosha usiku kucha: acheni kukaza koki

Kutoka London

Kamwene ndugu zangu. Naomba msaada kwa anayejua. Shawa ya hapa nilipopanga inadondosha tangu wiki iliyopita, tone moja moja, usingizi sipati. Ni ya zamani, ina koki mbili za kuzungusha, ya moto na ya baridi. Ya moto nimeikaza mpaka kiganja kinauma, asubuhi tone liko palepale. Fundi wa huku anadai hela ya kufika tu, hata kabla hajashika spana. Kuna aliyewahi kutengeneza mwenyewe?

Jibu, kutoka Uyole, Mbeya

Dada, pole sana. Niko kwa mama tangu mwanzoni mwa Julai, na kazi ya kwanza niliyoikuta ni hiyohiyo.

Acha kukaza. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililoiua koki ya mama. Ndani ya koki ya kuzungusha kuna washa ya mpira, ndogo kama kifungo cha koti. Ukifunga, chuma cha katikati kinaisukuma ikalie mdomo wa shaba ambako maji hupandia. Mpira ukizeeka unakuwa mgumu na kuacha upenyo, na ukiongeza nguvu unaukata. Ya mama nilipoitoa ilikuwa na mchimbo wa mviringo, kama alama ya pete kwenye kidole, na upande mmoja umemeguka kabisa.

Alikuwa ameshaita mafundi wawili kwa nyakati tofauti. Wote walikaza, wakalipwa, wakaondoka. Mama akaweka ndoo. Usiku wangu wa kwanza nikapima: ndoo ya lita 10 ilijaa kati ya saa tatu usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Kwa mwezi hiyo ni kama lita 800, yuniti moja ya mita ikipungua kidogo, na hakuna aliyeoga wala kufua kwa maji hayo. Lakini kilichoniuma zaidi ya bili ni kwamba mama, na umri wake, alikuwa anaamka kwenye baridi hii ya Julai kwenda kumwaga ndoo ili isifurike.

Kabla hujafungua chochote, jua maji yanatokea wapi. Shawa ikifungwa hubaki na maji kichwani, yatadondoka dakika kadhaa kisha yatakoma. Hapo hakuna ubovu. Yakiendelea baada ya nusu saa, shuku washa. Yakitoka shingoni mwa koki, pale mkono unapozungukia, tena wakati umefungua, washa haihusiki. Pale kuna nati: ikaze robo mzunguko, na isiposaidia ifungue uzungushie tepu nyeupe ya mabomba.

Sasa funga maji. Hapa kufunga kwenye mita peke yake hakukutosha, tangi la juu liliendelea kushusha, ikabidi nifunge na la tangi. Kwako koki kuu mara nyingi iko chini ya sinki la jikoni, na kama kuna tangi darini, nalo lina koki yake. Fungua shawa mpaka maji yakauke. Ziba tundu la sakafuni kwa kitambaa; mimi sikuziba, skrubu ikatumbukia na sikuiona tena.

Kile kifuniko kidogo chenye rangi usoni mwa koki kinabanduka kwa ncha ya bisibisi, na skrubu iko chini yake. Toa mkono, shika nati kubwa kwa spana malaya, geuza kinyume cha saa. Ikigoma, shikilia bomba kwa spana ya pili, lisije likajipinda ndani ya ukuta. Koki ya ndani itatoka nzima, washa iko mwisho wake.

Nenda nayo dukani. Mimi niliiweka mfukoni nikapanda daladala hadi Mwanjelwa, muuzaji akailinganisha na nyingine tatu ndipo akanipa. Za shawa kwa kawaida ni nusu inchi, huku na huko, ila kulinganisha ndiyo uhakika.

Kabla hujarudisha, pitisha kidole kwenye ule mdomo wa shaba. Ukisikia mkwaruzo, washa mpya nayo itakatika upesi, na mdomo utahitaji kusagwa kwa kifaa chake. Wa mama ulikuwa laini, ila chembe za mchanga zilikuwa zimeng'ang'ania pembeni. Maji yakikatika mtaani, yakirudi huja na tope. Nimemwomba afungue kwanza bomba la uani mpaka yatakate, ndipo aguse la bafuni.

Na walio huku: shawa zetu nyingi zina hita ya umeme kichwani kwa sababu ya baridi. Zima swichi kuu kabla ya kugusa chochote. Hapo msifanye haraka.

Kutoka Gangilonga, Iringa

Naongezea kwa wenye koki ya mkono mmoja, ile ya kuinua na kushusha. Hiyo haina washa ya kubadilisha, ndani kuna katriji yenye visahani vya kauri. Ikivuja hubadilishwa nzima. Vipimo vya kawaida ni milimita 35 na 40, kwa hiyo itoeni kwanza mkaipime.

Dada, umesema umepanga. Sheria ya huko ya mwaka 1985 kuhusu mwenye nyumba na mpangaji inamtaka mwenye nyumba atunze mabomba na vyombo vya maji. Mwandikie kabla hujashika spana, usimpigie simu tu.

Kutoka London

Ndaga fijo, kaka zangu. Nilimwandikia mwenye nyumba, akaniruhusu na kunirudishia hela ya washa. Koki kuu ilikuwa chini ya sinki kama ulivyosema. Washa ilikuwa imegumuka kama plastiki, na mdomo wa shaba una ukoko mweupe kama wa ndani ya birika, maana maji ya London yana chokaa nyingi. Nimeufuta kwa kitambaa chenye siki, nikasuuza, nikaweka washa mpya na kufunga kwa vidole viwili tu. Tangu jana saa mbili usiku beseni ni kavu.

Kaka wa Uyole, mama analala sasa?