Tupeane uzoefu: Siku folda uliyoishea ilipogoma kwenye TV mbele ya watu

Mtoto wa Kange (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za Jumapili. Jana nimeaibika sebuleni kwangu mwenyewe, nimeona nisife na kijiba moyoni.

Baba alitutoka mwaka jana. Kwenye harusi ya dada alisimama akatoa nasaha kama dakika ishirini, watu wanacheka wanalia, na video yote ninayo kwenye laptop, gigabaiti sita na ushee. Mama tangu msiba alikuwa hataki kuiona. Wiki hii akapiga simu mwenyewe kutoka Pangani: nakuja, nataka nimwone baba yako. Akaja na shangazi wawili na mama mkubwa. Mimi nikajitutumua: nyie kaeni tu, itatokea hapo ukutani, wala sigusi waya. Folda nilishaishea, TV boksi nilishainunua. Kujaribu kabla? Sikujaribu.

Baada ya isha nikawasha. Jina la laptop likaonekana, folda ya "Harusi ya Dada" ikaonekana. Nabonyeza, inadai jina la mtumiaji na neno la siri. Naweka zile namba nne ninazofungulia laptop kila siku. Imekataa. Tena. Imekataa. Kuandika kwa rimoti mnakujua, herufi moja mshale mara saba. Shangazi anauliza, "Mwanangu, si uingize mkanda tu?" Umeme ukayumba, ruta ikazima. Iliporudi, laptop haionekani kabisa, kama vile sijawahi kuwa nayo. Mpwa wangu akaleta flashi ya 32, tupu kabisa, tukahamishe. Ikasema faili ni kubwa mno. Sita kwa thelathini na mbili, kubwa mno!

Mwisho shemeji akaenda kuchomoa waya wa HDMI kwenye king'amuzi cha jirani. Picha imetoka saa nne na nusu usiku. Baba kasimama, kashika kipaza sauti. Mama alikuwa ameshasinzia kwenye kochi na buibui lake, hakuna aliyethubutu kumwamsha.

Anaondoka Jumatano. Waliopitia haya leteni visa vyenu, na wenye dawa leteni dawa.

Chumvi Kidogo

Pole mkuu. Hapo kwenye kochi nimekwama kidogo.

Jembe Halimtupi

Zima firewall, ule ukuta wa ulinzi wa laptop. Mimi nilizima tangu nimenunua laptop, TV inasoma kila kitu, hainidai paswedi wala nini.

Fundi wa Nyaya

Jembe, usimpoteze mwenzio. Mtoa mada, matatizo yako ni matatu tofauti na yamekuvamia siku moja.

Kwanza hizo namba nne ni PIN. PIN ni ya kufungulia laptop hiyohiyo ukiwa umeikalia, haipiti kwenye mtandao. TV boksi inataka nywila halisi ya akaunti, na kama umeingia kwa akaunti ya Microsoft, basi jina la mtumiaji ni barua pepe nzima. Wengi hapa nywila walishaisahau miaka mitatu iliyopita kwa sababu ya kuzoea PIN. Na wale wasio na nywila kabisa wasifurahi, kwa kawaida Windows haimruhusu mtu kuingia kwa mtandao na nywila tupu.

Nenda tengeneza mtumiaji wa pili kwenye laptop, mwite tv, herufi mbili tu. Mpe nywila isiyo na madoido, rimoti itakushukuru. Halafu ruhusa za hiyo folda zinapewa sehemu mbili, kuna ile ya Sharing na ile ya Security. Ni kama nyumba yenye geti na mlango: ukifungua geti ukaacha mlango umefungwa, mgeni ataishia uani. Ndiyo maana kuna wanaoona folda halafu ndani wanakuta patupu au wanakataliwa. Mpe kusoma tu, kufuta na kuandika usimpe.

Pili, ruta ikizima na kuwaka inaweza kuigawia laptop anwani nyingine. TV inaikumbuka ile ya jana. Ingia kwenye ruta uiwekee laptop anwani ya kudumu.

Tatu, flashi yako imefomatiwa kwa mpangilio wa zamani unaoitwa FAT32. Huko faili moja haliwezi kufika gigabaiti 4, hata flashi iwe ya 256. Ifomati iwe exFAT, ila hakikisha kwanza TV yako inaisoma, na hamisha vilivyomo kabla hujafomati maana vitafutika.

Chumvi Kidogo

Geti na mlango. Nimeelewa leo kitu kilichonitesa tangu chuo.

Jembe Halimtupi

Fundi maneno mengi, mimi nimezima na inafanya kazi. Kwangu Mbagala nani atakuja kunidukua, ataiba nini, muvi za Kikorea?

Fundi wa Nyaya

Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipita humohumo kwenye mlango wa kushea mafaili, ile SMB ya zamani, toleo la kwanza. Hospitali za Uingereza zilifuta miadi ya wagonjwa. Hakikuuliza mtu anakaa Mbagala au Masaki, kilikuwa kinatembea chenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta. Mtu mmoja anayekuja kwako na laptop yenye ugonjwa akaunga waifai, umekwisha, na muvi zako za Kikorea zimefungwa unadaiwa dola.

Jembe Halimtupi

Basi muvi nitajaza upya dukani, mia tano moja. Nyie wasomi mna hofu sana.

Binti Ruwi

Mimi nipo Muscat, nimecheka na kusikitika. Boksi yetu ni ya zamani, tuliinunua kabla mtoto wa kwanza hajazaliwa. Ikafanya kazi miaka, mume wangu akanunua laptop mpya 2018, kimya. Mwezi mzima ananiambia mimi ndiye nimegusa ruta wakati wa kufuta vumbi! Kumbe ni hiyohiyo SMB ya kwanza anayoisema Fundi, Windows 10 tangu toleo la mwisho wa 2017 haiji nayo tena ukiisimika upya, na boksi letu halijui lugha nyingine. Kuomba radhi hajaomba mpaka leo.

Nilichojifunza: kwa wenye Kodi (ile programu ya kuangalizia video, si kodi ya nyumba), msisubiri laptop ijitokeze yenyewe kwenye orodha. Ile orodha ya kizamani ilitegemea hiyo SMB ya kwanza. Andikeni anwani wenyewe, mfano smb://192.168.1.20/Harusi, na jina na nywila. Inaweza isionekane na bado ikafunguka.

Mtoto wa Kange

Dada Binti Ruwi ahsante, naandika kwenye daftari. Fundi, nywila kweli siikumbuki.

Mpangaji Mwema

Huu uzi umenikumbusha jambo nililokaa nalo miezi miwili. Nimepanga Sinza, vyumba sita, uani pamoja. Mwenye nyumba ametuwekea waifai, kila mpangaji anachangia elfu kumi. Siku moja natafuta laptop yangu kwenye TV, yangu haionekani, inaonekana kompyuta ya mtu yenye jina la mwenye nyumba. Nikabonyeza nikijua itadai nywila. Haikudai.

Ndani kuna folda ya Picha. Ndani ya Picha kuna folda ya MIKATABA. Mzee amepiga picha mikataba yote ya wapangaji kwa simu, ukurasa kwa ukurasa, na TV yangu ya inchi 43 ikaanza kunionyesha mmojammoja kama maonyesho ya Sabasaba.

Wakuu, mimi nalipa laki na themanini. Chumba cha pembeni, kilekile, dirisha lilelile, jamaa analipa laki na ishirini. Yule dada wa mbele mwenye choo cha ndani analipa laki na nusu. CHOO CHA NDANI.

Chumvi Kidogo

Mtoa mada samahani, nimehamia kwa huyu. Nimekaa pale.

Kipusa wa Uani

Ukafanyaje???

Jembe Halimtupi

Chai hii, tena ina tangawizi. Mwenye nyumba gani wa Sinza ana kompyuta yenye mafolda?

Mpangaji Mwema

Jembe, mzee ni mstaafu wa uhasibu, ana mafolda kuliko ofisi nyingi. Kipusa, sijafanya kitu. Kila nikikutana naye asubuhi ananiuliza "kodi ya miezi sita lini", nami namwangalia tu. Nikisema najua, ataniuliza umejuaje.

Wakili Uchwara

Na usiseme. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inataja kuingia kwenye mfumo wa kompyuta wa mtu bila ruhusa kuwa kosa. Mlango kuachwa wazi haina maana umekaribishwa.

Kipusa wa Uani

Sasa TV yenyewe ndiyo imemwonyesha, yeye kakosa nini? Anayelangua kodi ndiye ashtakiwe.

Wakili Uchwara

Dada, alibonyeza mara tatu: kompyuta, Picha, MIKATABA. Mara ya kwanza bahati mbaya, hizo mbili nyingine je?

Mpangaji Mwema

Mara nne. Kuna folda ya MADENI pia.

Fundi wa Nyaya

Kisa hiki ni kitamu ila kina somo la ufundi. Mzee alishea folda kwa Everyone na akazima ulinzi wa nywila, pengine kuna fundi alimwambia zima zima tu inasumbua (Jembe, salamu). Laptop inapounga mtandao mpya kuna mahali inaandikwa Public au Private. Ukiwa nyumbani kwako peke yako, weka Private, la sivyo TV haitaiona laptop, na hili tu ni nusu ya kesi ninazoletewa. Lakini waifai ya uani yenye familia sita hiyo si nyumbani, hiyo ni stendi. Waache Public.

Na ruta nyingi zina kitufe cha kuzuia vifaa vya waifai visionane. Mzee akikiwasha, mpangaji hataona kompyuta ya mtu.

Mpangaji Mwema

Na mimi TV yangu itaiona laptop yangu?

Fundi wa Nyaya

Haitaiona. Wala yako mwenyewe.

Mpangaji Mwema

Basi asije akajua hicho kitufe.

Mja wa Likoni

Nyie wa bara mwahangaika bure na mafolda. Mie nilichukua kompyuta kuukuu ya duka la mjomba, nikaeka Jellyfin, programu ya kurusha filamu zako hadi kwa TV, ni bure haina malipo, TV naieka programu yake, kwisha. Yapanga filamu kwa picha na majina, yakumbuka mtoto alifika wapi kwa katuni. Shida moja tu: stima ikipotea ile kompyuta haijiwashi, na ufunguo wa chumba anao mjomba, na mjomba yuko Kilifi.

Na kompyuta isilale! Huku kwetu tulikaa wiki twalaumu ruta, kumbe kompyuta ikikaa nusu saa yajilaza. Mwaona filamu yakatika pale pale jambazi ashashika bunduki.

Chumvi Kidogo

Hili la kulala ndilo langu. Nilikuwa namtuma mdogo wangu akasogeze mausi kila baada ya dakika kumi.

Bi Mkubwa Makorora

Wanangu, mimi simo kwenye mambo haya, ila kwa nini msinunue diski ya nje mkaichomeka kwenye TV yenyewe? Mjukuu wangu ameniwekea hivyo, mawaidha yote yamo, sijawahi kuulizwa jina langu.

Fundi wa Nyaya

Bibi shikamoo. Wewe ndiye mwenye akili kuliko sisi wote.

Bi Mkubwa Makorora

Marahaba. Na huyo mpangaji ahame.

Jembe Halimtupi

Jamani narudi kwa unyonge. Nimeunga laptop ya kazini na TV ya nyumbani, Windows 11 ya Pro, imejisasisha juzi kuwa toleo la 24H2. Firewall nimezima, TV inakataa vilevile.

Fundi wa Nyaya

Firewall iwashe kwanza. Hiyo 24H2 toleo la Pro inataka kila muunganisho uwe na sahihi ya kidijitali, kama saini, na anayeingia kama mgeni bila nywila hana sahihi ya kuweka. Tengeneza mtumiaji mwenye nywila kama wenzio. TV ikiwa ya zamani sana isiyojua sahihi, ndo basi, tumia njia ya Bibi.

Jembe Halimtupi

Rimoti yangu herufi ya T imekufa.

Fundi wa Nyaya

Basi mtumiaji mwite "baba".

Mtoto wa Kange

Wakuu mrejesho. Nimemtengeneza mtumiaji anaitwa tv, nywila namba sita. Nilipata geti, mlango ukagoma, nikarudi kwenye ile Security nikamwongeza, ikafunguka bila waya. Jana saa mbili usiku mama ameangalia yote. Baba kuna mahali anasema "mwanangu usimfiche mkeo bei ya mchele", mama akanitaka niirudishe hapo. Nimerudisha mara tano. Mara ya sita TV ikaganda, nikazima microwave jikoni ikatembea, sijui kama ndiyo yenyewe ama bahati.

Mja wa Likoni

Ndiyo yenyewe, kama watumia waifai ya gigahezi 2.4. Hamia ile ya 5, ama vuta waya.

Kipusa wa Uani

Mtoa mada Mungu amrehemu mzee. Jamani yule wa Sinza yuko wapi? Siku ya tatu hii.

Mpangaji Mwema

Nipo. Juzi usiku kwa bahati mbaya mke wangu akasema mbele ya yule dada wa choo cha ndani, "wewe unayelipa laki na nusu." Jana mzee kaleta fundi, amefunga folda, amebadilisha nywila ya waifai na mpya katoa kwa wapangaji watano.

Chumvi Kidogo

Kodi je?

Mpangaji Mwema

Laki na themanini palepale. Naandika hapa kwa bando.